Hitilafu katika makro ya Excel: maana yake na namna ya kuishughulikia

Makro ni mfululizo wa maagizo yanayoandikwa kwa lugha ya VBA, ambayo imo ndani ya Excel tangu mwaka 1993, ili kazi inayojirudia kila siku ifanyike kwa kubofya mara moja. Hitilafu ni hali ambapo maagizo hayo yanashindwa kutekelezwa, au yanatekelezwa hadi mwisho lakini yanatoa jibu lisilo sahihi. Hali hii ya pili ndiyo yenye hasara kubwa zaidi, ingawa wengi huihofia ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayopiga kelele.

Tuchukue mfano wa karani wa chama cha msingi cha ushirika katika vijiji vya juu ya Moshi, ambaye huingiza kilo za kahawa za kila mkulima kwenye lahajedwali, kisha makro ikakokotoa malipo ya awali. Tuseme bei ni shilingi 4,000 kwa kilo.

Hitilafu za uandishi, kama vile mabano yasiyofungwa au neno la agizo lililokosewa herufi, hazina shida kubwa, kwa kuwa Excel huzikataa kabla makro haijaanza kufanya kazi. Isipokuwa jambo moja: juu kabisa ya moduli, yaani ukurasa yanapoandikwa maagizo, yapaswa kuwepo maneno Option Explicit. Bila maneno hayo, karani akiandika "mailpo" badala ya "malipo", Excel itadhani ni kigeu (jina linalobeba thamani) kipya kisicho na kitu ndani yake, na itaendelea na kazi kimya kimya.

Hitilafu za wakati wa utekelezaji huja na namba. Namba 9 mara nyingi humaanisha kwamba karatasi iliyotajwa haipo kwenye faili, na ikiwa unaiona kwa macho yako, kagua kama jina lake lina nafasi tupu mwishoni, kwa maana kwa Excel "Machi" na "Machi " ni karatasi mbili tofauti. Namba 13 humaanisha kwamba aina ya taarifa hailingani na inayotarajiwa, kwa mfano pale seli inaposomeka "kilo 15" wakati makro inasubiri namba peke yake.

Namba 6 inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu inawasumbua sana wanaohesabu kwa shilingi. Kigeu cha aina ya Integer, yaani cha namba kamili zisizo na desimali, hakiwezi kubeba namba inayozidi 32,767. Ikiwa kilo na bei vyote vimetangazwa kuwa Integer, mkulima mwenye kilo 8 atapita salama kwa shilingi 32,000, lakini wa kilo 9 anayestahili 36,000 ataisimamisha makro. Wengine hubadilisha kigeu cha malipo peke yake kuwa Long, kinachobeba zaidi ya bilioni 2, kisha wanashangaa hitilafu ileile ikirudi. Sababu ni kwamba VBA huzidisha kwanza kwa kipimo cha vigeu viwili vinavyozidishwa, na jibu hupelekwa kwenye kigeu cha malipo baadaye. Kwa hiyo dawa ni kubadilisha bei kuwa Long na kilo kuwa Double, aina inayobeba namba zenye desimali.

Kilo haziwezi kubaki Integer kwa sababu nyingine pia. Mkulima akileta kilo 12.5, Integer itazihifadhi kama 12, na malipo yatakuwa shilingi 48,000 badala ya 50,000, ikiwa bei tayari ni Long. Hakuna ujumbe utakaotokea. Hitilafu ya namna hii hugunduliwa kwa kulinganisha jibu la makro na hesabu ya kikokotoo kwa wakulima wachache, au kwa kubonyeza F8 ili maagizo yatekelezwe mstari mmoja mmoja huku ukitazama thamani ya kila kigeu.

Hitilafu ikitokea na ukabofya Debug, mstari mmoja hupakwa rangi ya njano. Hapo ndipo makro iliposimama, lakini chanzo chaweza kuwa mbali zaidi, pengine kwenye seli iliyojazwa vibaya wiki iliyopita.

Agizo linalopendwa kupita kiasi ni On Error Resume Next, linaloiamuru makro iruke mstari wenye hitilafu na kuendelea. Katika mfano wetu, makro ikifika kwenye "kilo 15", mstari wa kusoma kilo utarukwa, na kigeu kitabaki na kilo za mkulima aliyetangulia. Kama huyo alileta kilo 212, basi wa kilo 15 ataandikiwa shilingi 848,000, na karani hataona dalili yoyote.

Njia ya kufaa ni On Error GoTo Hitilafu, ambapo "Hitilafu" ni lebo, yaani jina la kutia alama mahali, iliyowekwa mwishoni mwa makro, baada ya Exit Sub, agizo la kutoka kwenye makro. Exit Sub ikisahauliwa, makro iliyomaliza salama nayo itaingia kwenye sehemu hiyo. Chini ya lebo, andika kwenye karatasi ya pembeni namba ya mstari wa mkulima, Err.Number (namba ya hitilafu) na Err.Description (maelezo yake), ili karani ajue ni seli ipi ya kusahihisha. Kisha tumia Resume pamoja na lebo nyingine iliyo mwishoni mwa mzunguko, yaani maagizo yanayorudiwa kwa kila mkulima, ili makro ihamie kwa mkulima anayefuata bila kumlipa huyu kwa kilo za mwenzake. Usitumie GoTo mahali pa Resume, kwa kuwa VBA itahesabu kwamba bado inashughulikia hitilafu ya kwanza, na ya pili ikitokea haitadakwa.