Dawa Ikiwa Bado Jikoni: Kabla Chama Hakijanunua Hisa za Kampuni ya Homoni

Siku hizi mtu aliyeketi Kondele ananunua kwa simu hisa za kampuni ya dawa iliyoko Boston. Zinazovuma ni za watafiti wa homoni za kisukari na unene, kwa sababu kampuni kubwa za dawa, Novo Nordisk na Eli Lilly, zimevuna mabilioni ya dola humo. Kampuni changa ambayo haijauza hata kidonge kimoja nayo hutangaza orodha ya dawa zake zilizo jikoni, yaani ambazo bado zinatafitiwa, na bei ya hisa ikapaa.

Wanachama mnaowekeza pamoja, anzeni na awamu za majaribio ya dawa kwa binadamu. Ya 1 hupima usalama kwa watu 20 hadi 100 hivi, ya 2 hutafuta kiasi cha dawa kinachofaa, ya 3 huhitaji watu mamia hadi maelfu. Katika kila dawa 10 zinazoingia awamu ya 1, inayofika sokoni ni kama moja tu. Watu wa Siaya na Kombewa wanajua urefu wa safari hii, kwa kuwa jaribio lilifanyika kwao: awamu ya 3 ya chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza 2009, na WHO ikapendekeza itumike kwa upana 2021.

Homoni zina ugumu wake. Nyingi za kundi hili ni peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, na tumbo huzisaga kama linavyosaga maharagwe. Ndiyo maana hudungwa. Mkiambiwa kampuni imepata kidonge, ulizeni ni kiasi gani kinachofika kwenye damu. Chukueni semaglutide, dawa ya Novo Nordisk ya kundi hili: ya sindano kwa mwenye kisukari yaweza kuwa mg 1 kwa wiki. Kidonge chake hufika mg 14 kwa siku, yaani 98 kwa wiki, kwa kuwa kinachopenya hakifiki asilimia 1. Tena humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji yasiyozidi ml 120, na chai husubiri nusu saa. Kampuni tajiri inamudu malighafi yote hiyo. Changa je?

Vidonge visivyo vya peptidi navyo mara nyingine hukwama kwa hofu ya kudhuru ini. Pfizer iliacha vidonge vyake vya majaribio, lotiglipron 2023 na danuglipron 2025, zote kwa wasiwasi huo. Hata matokeo mazuri huweza kuangusha bei: Desemba 2024 CagriSema, sindano ya unene ya Novo Nordisk, ilipunguza uzito kwa asilimia 22.7, lakini kampuni ilikuwa imetaja 25, na hisa zikaporomoka siku hiyo hiyo.

Kinachowaumiza wengi, hata hivyo, ni fedha. Fungueni ripoti ya robo mwaka. Tuseme kampuni ina dola milioni 60 na hutumia milioni 10 kila robo: zitaisha baada ya robo 6. Kama matokeo ya awamu ya 2 yanatarajiwa baada ya robo 8, jueni itauza hisa mpya kabla ya hapo. Zilizopo zikiwa milioni 50 na zikaongezwa milioni 25, sehemu yenu imepungua kwa theluthi, na hakuna aliyewaibia.

Kisha tafuteni jaribio lenyewe kwenye ClinicalTrials.gov, sajili ya majaribio ya dawa ya Marekani, kwa namba yake, herufi NCT na tarakimu 8. Someni kigezo kikuu cha mafanikio na historia ya marekebisho. Kigezo kikibadilishwa katikati ya jaribio, sisi tungetaka maelezo kabla ya kutoa shilingi.

Dalali naye aonekane kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya (CMA). Akiwataka mtume M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi, msitume.