Kombe la Lipton na wachimba makaa wa West Auckland: yanayosemwa na yaliyotokea

Jumamosi moja wakati wa mapumziko, kwenye kibanda tunachoangalizia mpira, kijana aliyevaa jezi ya Arsenal alisimama akawatangazia wenzake kwamba Kombe la Dunia la kwanza kabisa lilikuwa liende kwao, ila barua ya mwaliko ilipotea njia ikafikia timu ya kijijini. Watu wakacheka, wengine wakapiga meza. Mimi hadithi hiyo nimeshaisikia na kuisoma mara nyingi, na kila mara inaniuma. Ndani yake kuna wachimba makaa ya mawe waliosafiri hadi Italia mara mbili wakarudi na kombe mara mbili, lakini anayekumbukwa ni karani aliyekosea anwani.

Timu hiyo ni West Auckland, ya kijiji cha wachimba makaa katika jimbo la Durham, kaskazini-mashariki ya Uingereza. Kombe lenyewe ni Kombe la Lipton, lililotolewa na mfanyabiashara wa chai Sir Thomas Lipton na kushindaniwa mjini Turin, Italia, mwaka 1909 na 1911. Ngoja niyapange yanayosemwa, na kando yake niweke yaliyotokea.

"Barua ilikosewa. Herufi WA zilimaanisha Woolwich Arsenal."

Ni kweli kwamba mwaka 1909 Arsenal iliitwa Woolwich Arsenal na ilikuwa bado kusini-mashariki ya London. Ilihamia Highbury mwaka 1913. Herufi za mwanzo zinafanana kweli, na hapo ndipo hadithi ilipopata miguu. Lakini haina karatasi ya kuithibitisha, na ukiitazama kwa makini haisimami.

Angalia tarehe. Fainali ya 1909 ilichezwa mjini Turin tarehe 12 Aprili, Jumatatu ya Pasaka. Fainali ya 1911 ilichezwa tarehe 17 Aprili, nayo pia ni Jumatatu ya Pasaka. Kwa timu za kulipwa za Uingereza, Pasaka ndiyo siku za kubanana: mechi Ijumaa Kuu, mechi Jumamosi, mechi Jumatatu, na viwanja vimejaa. Woolwich Arsenal ilikuwa daraja la kwanza. Nani angeiacha ligi wakati huo aende kucheza mechi mbili ng'ambo? Isitoshe, chama cha soka cha Uingereza kilikataa kupeleka timu kwenye mashindano hayo. Waliobaki wa kualikwa ni timu za ridhaa, na West Auckland ilikuwa ya ridhaa, ikicheza Northern League, ligi ambayo tangu 1906 ilikuwa ya wachezaji wasiolipwa tu. Kuna masimulizi mengine, kwamba mfanyakazi wa kampuni ya Lipton aliyekuwa karibu na Northern League ndiye aliyeitaja timu hiyo. Hayo nayo ni masimulizi, lakini angalau yanaingia akilini.

Hata tukikubali kwamba barua ilikosewa, bahasha haifungi mabao. Mwaka 1909 West Auckland iliifunga Stuttgarter Sportfreunde ya Ujerumani 2-0 kwenye nusu fainali, kisha ikaifunga FC Winterthur ya Uswisi 2-0. Winterthur haikuwa timu ya kuokoteza: ilikuwa bingwa wa Uswisi mwaka 1906 na tena 1908. Miaka miwili baadaye wakaitwa kutetea kombe lao. Mara hii hakuna anayeweza kudai kwamba barua ilipotea, maana wenyeji waliwajua kwa sura. Wakaifunga FC Zürich 2-0, na kwenye fainali wakaichapa Juventus, nyumbani kwake, 6-1.

"Hiyo Auckland si ya New Zealand?"

Hapana. Kwa kweli mambo yamekwenda kinyume. Mji wa New Zealand ulipewa jina la George Eden, Lord Auckland, na cheo hicho kilitokana na ukoo wa Eden wa West Auckland hii hii ya Durham. Kijiji ndicho kilichoupa mji jina. Na wengine huichanganya na Bishop Auckland, mji jirani wenye klabu iliyotwaa Kombe la Ridhaa la Uingereza mara 10, mara tatu kati ya hizo mfululizo, 1955 hadi 1957. Ni klabu mbili tofauti.

"Timu ya nje ya ligi ni timu isiyo na ligi, kama za mchangani."

Hapa lugha yenyewe ndiyo inayotupoteza. Waingereza wanaposema timu iko nje ya ligi, ligi wanayoikusudia ni moja, Football League, iliyoanzishwa mwaka 1888. Kwa miaka zaidi ya mia moja hiyo ndiyo iliyokuwa kilele. Leo juu yake kuna Ligi Kuu, na ukijumlisha madaraja manne ya juu unapata klabu 92. Kila klabu iliyo chini ya hizo, hata iwe na uwanja mzuri, wachezaji wenye mkataba na historia ndefu, huitwa ya nje ya ligi.

Lakini huko chini ligi zipo, tena nyingi na zenye utaratibu kamili: waamuzi waliosajiliwa, ratiba, kupanda na kushuka. Northern League yenyewe ilianza 1889, mwaka mmoja tu baada ya Football League, na ni miongoni mwa ligi kongwe kabisa duniani. Daraja lake la kwanza ni ngazi ya tisa ukihesabu kutoka Ligi Kuu kushuka. Sisi tuliokulia kwenye ndondo tunajua timu inaweza kuundwa wiki moja na kusambaratika baada ya fainali. Hizi si hivyo. Zina viongozi wanaochaguliwa, vitabu vya hesabu, na wazee wanaouza tiketi langoni mwaka baada ya mwaka.

Kikwazo kilikuwa kwingine. Hadi katikati ya miaka ya 1980 klabu ya chini haikuweza kuingia Football League kwa pointi zake. Ilibidi ipigiwe kura na klabu zilizomo, na zilizomo hazikupenda kufukuzana. Mlango wa kupanda moja kwa moja ulifunguliwa msimu wa 1986-87, na Scarborough ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuupita. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini timu iliyoifunga Juventus haikupanda hadi juu, usimwambie ilikuwa dhaifu. Ngazi ya kupandia haikuwepo.

"Lilikuwa Kombe la Dunia la kwanza."

Hapa inabidi niwaudhi hata wale ninaowapenda, kwa sababu kijiji chenyewe kinajivunia jina hilo. Kombe lililoshindaniwa ni la Sir Thomas Lipton, yule mfanyabiashara wa chai ambaye jina lake tunalijua kwenye pakiti za majani. Alizaliwa Glasgow mwaka 1848 katika familia maskini iliyotoka Ireland, akaanza na duka moja, akaishia na mashamba ya chai Ceylon. Alipenda michezo kwa dhati. Mara tano alipeleka mashua yake Marekani kugombea Kombe la Amerika, lile la mbio za mashua, na mara zote tano alishindwa. Alitoa pia kombe la Argentina na Uruguay mwaka 1905, ndiyo maana ukisoma "Kombe la Lipton" mahali hupaswi kudhani mara moja ni lile la Turin.

Waliocheza Turin walikuwa klabu, si timu za taifa. Mwaka 1909 zilikuwa timu nne kutoka nchi nne, mwaka 1911 zilikuwa nne tena, mbili kati yake za mji huo huo wa Turin. FIFA ilikuwepo tangu 1904 lakini haikuhusika. Wala hayakuwa mashindano ya kwanza ya aina yake, kwani Turin ilikuwa imeshaandaa mengine mwaka 1908, na Servette ya Geneva ikashinda. Kombe la Dunia tunalolijua lilianza Uruguay mwaka 1930 na mataifa 13.

Sioni kwa nini ukweli huu upunguze heshima ya wale watu. Walikuwa wachezaji wa ridhaa, wengi wao wakishinda chini ya ardhi wakichonga makaa kwa sururu. Ukikosa zamu yako, umekosa ujira wako. Kutoka Durham hadi Turin ni treni, meli, na treni tena, kisha siku mbili za mechi, kisha safari ile ile ya kurudi shimoni. Hilo mimi linanitosha.

"Walilitunza kombe lao kama mboni ya jicho."

Laiti ingekuwa hivyo. Kwa kuwa walishinda mara mbili mfululizo, kombe likawa lao moja kwa moja. Lakini safari ya 1911 iliiacha klabu na madeni. Kombe likawekwa rehani kwa mama mwenye hoteli ya Wheatsheaf pale kijijini, kwa mkopo wa pauni 40. Kwa mchimbaji wa siku zile hizo zilikuwa fedha za miezi. Fikiria timu inarudi imeipiga Juventus sita, na kombe lenyewe linakabidhiwa dhamana ya deni.

Lilikaa mikononi mwa mama huyo karibu miaka hamsini. Mwaka 1960 klabu ilimtafuta, akiwa mzee tayari, ikalikomboa kwa pauni 100.

Wengine husema aliwadhulumu. Siafiki. Aliwapa fedha walipokuwa na shida, akalitunza kombe kupitia vita viwili vya dunia, na alipoombwa alilirudisha.

"Kombe linaloonyeshwa leo ndilo lile lile."

Silo. Januari 1994 lile la asili liliibwa kutoka klabu ya wafanyakazi kijijini, na halikupatikana tena. Linaloonyeshwa sasa ni nakala iliyochongwa baadaye. Kombe la Jules Rimet, lile la zamani la Kombe la Dunia, nalo liliibwa London mwaka 1966, likagunduliwa na mbwa aitwaye Pickles, kisha likaibwa tena Brazil mwaka 1983 na kutoweka. Pickles anajulikana duniani kote, ila wizi wa West Auckland huusikii ukitajwa.

"Baada ya Turin klabu ilikufa."

Haikufa. Mwaka 1961 ilifika fainali ya Kombe la Ridhaa pale Wembley, ikafungwa 2-1 na Walthamstow Avenue. Ikarudi Wembley mwaka 2012 kwenye fainali ya FA Vase, kombe la klabu za ngazi za chini, ikafungwa 2-0 na Dunston UTS, ambayo wakati huo nayo ilikuwa timu ya Northern League. Mwaka 2014 ikarudi tena, Sholing wakaifunga 1-0. Fainali tatu Wembley, zote imepoteza, na bado Jumamosi watu wanakwenda uwanjani.

Na damu ya wale wa Turin iliendelea kucheza mpira. Mmoja wa wachezaji wa 1909 alikuwa mchezaji aliyejulikana kwa jina la utani Ticer Thomas. Mjukuu wake, Dave Thomas, alikulia West Auckland, akawa winga wa Burnley, Queens Park Rangers na Everton, na katikati ya miaka ya 1970 akavaa jezi ya taifa ya Uingereza mara nane.