Brasi au bronzi? Namna ya kuitambua kabla ya kuikereza

Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Bronzi, kwa maana yake ya asili, ni shaba iliyochanganywa na bati. Hapa bati ni ile metali nyeupe laini inayotiwa kwenye waya wa kulehemu, si bati la kuezekea nyumba, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Brasi ya kukereza iliyozoeleka ina shaba kama asilimia 60, zinki kama 37 na risasi kama 3. Bronzi ya bushi, ile pete ambayo mhimili huzunguka ndani yake, mara nyingi ina bati kati ya asilimia 8 na 12.

Majina ya dukani hayaaminiki sana. Bronzi ya manganizi, inayotengenezewa propela za meli, kwa viambato vyake ni brasi ngumu, maana imejaa zinki. Bronzi ya aluminiamu huenda isiwe na bati kabisa. Kwa hiyo kipande ulichookota kwa muuza vyuma chakavu kichunguze chenyewe.

Anza na sumaku. Ikinata kwa nguvu, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu tu. Ikivuta kidogo sana, yaweza kuwa bronzi ya aluminiamu, kwa kuwa nyingi hutiwa chuma kidogo. Kisha piga tupa mahali pamoja mpaka ngozi ya nje iondoke kabisa. Vitasa vingi vya milango na koki za bei nafuu vinang'aa manjano juu, lakini ndani ni zinki ya kijivu. Kama ndani ni manjano ya limau, elekea kwenye brasi. Kama ni manjano yenye wekundu au hudhurungi, elekea kwenye bronzi. Usikate shauri kwa rangi peke yake, kwa sababu brasi yenye zinki kidogo nayo ni nyekundu.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha maji, nacho kinahitaji mizani ya jikoni tu. Pima kipande kikiwa kikavu. Weka chombo cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, halafu ning'iniza kipande kwa uzi kizame chote bila kugusa chini wala pembeni. Gramu zinazoonekana sasa ndizo sentimita za ujazo za kipande hicho. Tuseme kikavu kilikuwa gramu 425 na ndani ya maji mizani inasoma 50: gawanya, upate 8.5, na hiyo ni brasi. Bronzi ya bati hukaa karibu na 8.8, shaba tupu 8.9 na kidogo juu, bronzi ya aluminiamu kama 7.6. Futa viputo vya hewa kwa kidole kabla ya kusoma, hasa kama kipande kina tundu.

Baada ya hapo toboa kitundu kidogo uangalie kinachotoka. Brasi yenye risasi hutoa chengachenga fupi kavu zinazoruka kila upande, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima. Shaba tupu hutoa nyuzi ndefu zinazong'ang'ania biti. Bronzi ya fosforasi, yaani bronzi ya bati iliyotiwa fosforasi kidogo, iko katikati: vipande hujikunja, na biti hupata moto upesi.

Tabia hiyo ndiyo inayoamua umbo la kisu cha mashine ya kukereza. Kwenye brasi, uso wa juu wa kisu uwe bapa kabisa, usiteremke kuelekea nyuma. Kisu chenye mteremko, kama kile cha chuma laini, hujivuta chenyewe ndani ya brasi. Biti ya kawaida ndiyo hatari zaidi: inapokaribia kutokea upande wa pili hudaka kwa ghafla na kukizungusha kipande mkononi. Sugua kingo zake mbili za kukatia kwa jiwe la kunolea mpaka kila moja iwe na ubapa mwembamba uliosimama sambamba na urefu wa biti, kisha funga kipande kwenye jiriwa hata kikiwa kidogo. Biti hizo zitenge kwa ajili ya brasi, na tupa mpya pia ianzie huko, kwa sababu tupa iliyochoka huteleza tu juu yake.

Fimbo ya brasi ya milimita 20 huenda vizuri kwa mizunguko 1,000 hivi kwa dakika, kavu, bila mafuta. Bronzi ya fosforasi ya unene huohuo ianze kwenye 400, kwa kisu kikali chenye mteremko kidogo, na mafuta ya kukatia. Usiguseguse uso wake kwa kisu butu. Hukakamaa, na mkato unaofuata unakuwa mgumu zaidi. Bushi iliyotoka kukerezwa ipimwe ikishapoa, maana ya moto imetanuka.

Bushi ya ekseli inayobeba mzigo iwe ya bronzi. Brasi ya kawaida huchakaa upesi pale, na kwenye maji ya bahari zinki yake huliwa taratibu, ikabaki shaba ya waridi iliyojaa vitundu, dhaifu kiasi cha kuvunjika. Kifaa cha mashua kikianza kugeuka waridi, kibadilishe.

Nawa mikono kabla ya kula, kwa sababu ya ile risasi iliyomo kwenye brasi, ambayo ni sumu. Na nyundo au spana za rangi ya dhahabu zilizotengenezwa zisitoe cheche, kama zile za kwenye mitambo ya gesi, usizipige tupa wala kuzisaga: baadhi zina beriliamu, na vumbi lake huharibu mapafu.