Mbwa anayewabwekea wageni si lazima awe mkali

Hapa Mbeya wengi tunaamini mbwa anayewabwekea wageni ni mkali, na dawa yake ni fimbo. Sivyo. Mtazame vizuri: mkia ameufyata, masikio ameyalaza nyuma, anajilamba midomo, anabweka huku akirudi kinyumenyume. Huyo anaogopa! Ukimchapa mbele ya mgeni, anajifunza kwamba wageni huleta maumivu, na ipo siku atauma.

Mfunge kamba, msimame mbali na geti, pale anapoweza kumwona mgeni akatulia. Mgeni akitokea, mpe mbwa usipa mkavu, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, mmoja mmoja. Mgeni akiondoka, usipa nao uishe. Siku zinavyokwenda, sogeeni hatua chache. Naye mgeni, tafadhali, asimkodolee macho wala kumgusa kichwa. Amwache aje mwenyewe kumnusa.