Utafiti sio lazima dodoso na sampuli ya 384, tuelewane kabla hujaleta andiko lako

Miezi ya karibuni malalamiko yamezidi kwenye ofisi yetu ya kupitia maombi ya utafiti na mengi yanafanana. Andiko, yani mpango wa utafiti unaoombewa kibali, limerudishwa, mtu kakasirika, anasema kamati inawabagua watu wa lugha na historia, mwingine anasema tunawaonea wahandisi, wa tatu anauliza kwanini mwenzake wa hisabati hajaombwa kibali kabisa. Wengi wenu hamna nia mbaya, hilo nalijua, mmezoeshwa tu kwamba utafiti una sura moja na kila mtu lazima ajipake rangi afanane nayo.

Nianze na 384 maana imenichosha.

Binti mmoja alileta andiko la kurekodi lugha ambayo wanaoiongea vizuri wamebaki wazee watupu. Alishazunguka akawahesabu mwenyewe, wapo 11. Alafu ukurasa wa tatu anaandika sampuli yake itakuwa watu 384. Nikamuuliza hao wengine 373 utawatoa wapi, akanyamaza, baadae akasema maandiko yote aliyowahi kuyaona yana 384 ndio maana akaogopa kuiacha. Jamani hiyo namba ni hesabu tu: 1.96 mara 1.96, zidisha kwa 0.25, gawanya kwa 0.05 mara 0.05, unapata 384.16. Yani ukitaka kukadiria asilimia ya jambo fulani kwenye kundi kubwa sana la watu, ukawachagua kwa bahati nasibu, ukakubali kupishana na ukweli kwa asilimia 5 juu au chini kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, basi idadi kama hiyo inatosha. Kazi yake ndio hiyo. Anayerekodi lugha haimhusu, anayesoma barua za miaka 200 iliyopita haimhusu, anayepima nondo inakatika kwa uzito gani haimhusu.

Ndio maana fomu mpya inaanza na swali ambalo wengi mnaliruka: ushahidi wako ni wa aina gani na mtu mwingine ataukaguaje? Hapo ndipo fani zinapotofautiana na ndipo tunaposoma kwanza, kabla hata ya bajeti.

Kuna wanaosema watu wa insia, yani lugha, historia, falsafa na sanaa, wanasoma vitabu tu. Hii kauli siipendi kabisa. Mwaka 1440 msomi wa Italia Lorenzo Valla alichukua hati iliyokuwa ikitumika karne nyingi kudai kwamba mfalme Konstantino, mtu wa karne ya 4, alimkabidhi papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Valla akakaa na Kilatini cha hati ile neno kwa neno. Akakuta maofisa wa Roma wanaitwa masatrapi, neno la watawala wa Uajemi ambalo Roma ya wakati ule haikulitumia kwa watu wake, na akakuta makosa mengine mengi ya namna hiyo. Hati ikaanguka, na leo wanahistoria wanaiweka kwenye karne ya 8. Hakugawa dodoso hata moja, lakini yeyote anayejua Kilatini anaweza kufungua hati ile ile akamkagua mstari kwa mstari. Huo ni ushahidi, na unakagulika.

Wala fani hizi hazijajengewa ukuta kati yao. Tu Youyou wa China alikuwa anatafuta dawa ya malaria, wakajaribu mmea wa qinghao lakini majibu yakawa yanayumba, mara inafanya kazi mara haifanyi. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akakuta maelekezo ya kuloweka mmea kwenye maji, kuukamua na kunywa maji yake. Hakuna kuchemsha. Akashtuka kwamba huenda moto ndio unaoiua dawa, akabadilisha akatumia etha, kimiminika cha kuyeyushia ambacho kinachemka kwenye nyuzijoto 35 hivi, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikawasafisha panya vimelea vyote. Humo ndimo ilimokuja kutolewa dawa ya artemisinini, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Sasa niambie hapo kemia inaanzia wapi na usomaji wa maandishi ya kale unaishia wapi.

Wahandisi nao wana lao. Mnatuletea nadharia tete, yani makisio ya kujaribiwa, za kubuni, "hakuna uhusiano kati ya daraja na upepo", kwa sababu mmeona wenzenu wa sayansi ya jamii wanaandika hivyo. Acheni. Daraja la Tacoma Narrows kule Marekani lilifunguliwa Julai 1 mwaka 1940 na likaanguka Novemba 7 mwaka huo huo, upepo ukiwa kama kilomita 64 kwa saa tu. Msukumo wa kawaida wa upepo ulishapigiwa hesabu. Ambacho hakikupigiwa hesabu ni daraja jembamba kuanza kujipinda na kujisokota huku upepo ukizidi kuulisha ule mtikisiko wenyewe mpaka nyaya zikakatika. Profesa Farquharson wa Chuo Kikuu cha Washington alikuwa tayari ana mfano mdogo wa daraja lile anaupima, hakuwahi tu. Baada ya pale kupima mifano ya madaraja marefu kwenye handaki la upepo, yani chumba cha kupulizia upepo wa kupimia, ikawa jambo la lazima. Kwaiyo mhandisi akituambia nitajenga hiki, nitakipa mzigo huu, nitapima kinavyoharibika, na vipimo vyote nitaviweka wazi, ametosha, hatudai zaidi.

Ila hapo hapo kuna kosa lingine, kubwa zaidi. Mhandisi anatengeneza programu ya simu inayofuatilia mahali mtu alipo usiku na mchana alafu anatuambia haihitaji kibali, ni kifaa tu. Hapana. Kifaa kikimgusa mtu, kikimpima, kikibeba taarifa zake, huo ni utafiti unaohusisha binadamu. Wa hisabati hatumwombi kibali kwa sababu hamna binadamu anayeguswa. Mwanahisabati Andrew Wiles alikaa miaka zaidi ya saba akitafuta uthibitisho wa nadharia ya Fermat, fumbo la hesabu la karne nyingi, akaitangaza 1993, wakaguzi wakakuta pengo, akaliziba 1994, ikachapishwa 1995, na katika yote hayo hakuna aliyedungwa sindano. Na msituulize kwanini andiko lina mwandishi mmoja au wengi, mwaka 2015 makundi mawili ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, yalitoa makala ya uzito wa chembe ndogo sana iitwayo Higgs yenye waandishi 5,154 na ni halali kabisa, ndivyo kazi ile inavyofanyika.

Kuhusu ridhaa, someni taratibu maana hapa ndipo maandiko mengi yanakwama. Karatasi ya ridhaa iseme wewe ni nani, unatafuta nini, utachukua muda gani, kuna hatari gani, nani ataziona taarifa, na kwamba mhusika anaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza huduma anayoipata. Nakala mbili, moja inabaki kwake. Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi asiye wa timu yako, alafu anaweka dole gumba na shahidi anasaini. Mtoto anahitaji idhini ya mzazi au mlezi NA kukubali kwake mwenyewe, mzazi akikubali mtoto akakataa, imekataliwa. Ukibadilisha swali hata moja baada ya kupata kibali unarudi kwetu kabla ya kuendelea, sio baada. Mnaona tunasumbua, lakini kwenye utafiti wa serikali kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972 watu weusi 399 wenye kaswende waliangaliwa tu wakiumwa, na penisilini ilishajulikana kuwa tiba miaka ya 1940. Hawakuambiwa. Kila mstari kwenye ile karatasi una watu kama wale nyuma yake.

Na adhabu zipo. Ukikusanya taarifa bila kibali, tunasimamisha kazi na zile taarifa hazitumiki, hatutoi kibali cha kurudi nyuma hata ukilia. Ukinakili au kutunga data, makala inaondolewa jaridani na chuo kinaarifiwa. Fizikia ina mfano wa Jan Hendrik Schön, grafu zake za majaribio tofauti zilikutwa na mikwaruzo midogo midogo, ile mitikisiko ya bahati nasibu ya kipimo, inayofanana kabisa, kitu ambacho vipimo halisi haviwezi kutoa. Mwaka 2002 akafukuzwa kazi, na 2004 Chuo Kikuu cha Konstanz kikamvua udaktari, ingawa tasnifu yenyewe haikukutwa na udanganyifu.

Yule binti alirudi baada ya wiki mbili. Ameandika wazee 11, saa ngapi za kurekodi kwa kila mmoja, sauti zitahifadhiwa wapi na nani ataruhusiwa kuzisikiliza. Tukapitisha. Tulimwekea sharti letu la kawaida kwamba majina yaondolewe yawekwe namba, na hapo kosa likawa letu. Mzee wa kwanza tu aliposomewa karatasi alikataa kusaini. Alisema hadithi hizi alizipokea kwa babu yake kwa jina, na yeye hawezi kuziacha duniani zikiitwa namba nne. Binti akaturudishia maneno yake kama yalivyo. Tulikaa kikao tukabadilisha fomu, na sasa ukurasa wa ridhaa una visanduku viwili, kimoja cha namba na kingine cha jina kamili, na anayeweka alama ni mhusika mwenyewe.