Kwa nini video inaganda kwako na kwa jirani inapita

Mwaka wa kwanza tuliporusha mahafali ya chuo mubashara mtandaoni, simu ya kitengo chetu ilianza kulia kabla maandamano ya wahadhiri hayajaingia ukumbini. Niliipokea mimi. Upande wa pili alikuwa mzee mmoja wa Newala, binti yake akihitimu siku hiyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huku picha imeganda. Kile kiduara kinazunguka tu, na bando nimeweka leo asubuhi."

Nikamwuliza anatumia simu gani, yuko ndani au nje, mtandao unasoma ngapi. Hakukuwa na kosa upande wake. Wakati huohuo runinga ya ofisini kwetu, iliyofungwa kwenye mtandao wa faiba, ilikuwa inaonyesha picha safi kabisa. Binti yake akatajwa, akapanda jukwaani, akashuka. Baba hakuona wala hakusikia.

Kosa lilikuwa letu, na ndilo linalonifanya niandike makala haya. Tulitengeneza mkondo mmoja tu wa video, wa megabiti 4 kwa sekunde (biti ni chembe ndogo kabisa ya data, na megabiti ni biti milioni moja), tukawatumia watu wote mkondo huohuo: mwenye runinga ya inchi 55 mjini, na mwenye simu ndogo ambaye mpaka asogee chini ya mwembe ndipo mtandao ushike.

Tuanze na uzito wa mzigo wenyewe. Picha ya video ya ubora ule unaoandikwa 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. Ukiandika rangi kamili ya kila nukta, na picha 25 zikapita kila sekunde, unapata kama megabiti 1,244 kwa sekunde. Mzigo huo haupiti kwenye laini ya simu. Kwa hiyo video hubanwa. Programu ya kubana, tunayoiita kodeki, huandika picha moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata huandika kilichobadilika tu. Mtangazaji wa habari aliyekaa kwenye kiti habadiliki sana, ni midomo na macho, kwa hiyo video yake hubanika vizuri. Mpira wa miguu ni shughuli nyingine: kamera inakimbia, nyasi zote zinahama, mashabiki wanarukaruka, na karibu kila nukta ina habari mpya. Ndiyo maana kwa kasi ileile ya mtandao taarifa ya habari itapita safi na mechi ikaja na chenga.

Video moja inayotakiwa ifike kwenye skrini za kila aina hutengenezwa katika nakala kadhaa, kama vidato vya ngazi. Ngazi tunayoitumia sasa ina kidato cha juu cha megabiti 4.5 kwa runinga kubwa, kinachofuata ni 2.5, halafu 1.1, halafu kilobiti 600 (kilobiti 1,000 ndiyo megabiti moja), halafu 300, na chini kabisa kipo kidato cha sauti tupu cha kilobiti 64. Kila nakala hukatwa vipande vya sekunde chache, na 6 ni kipimo kilichozoeleka. Vipande vya nakala zote lazima vikatwe pale pale, na kila kimoja kianze na picha kamili. Vikipishana hata kidogo, simu inayohama kutoka kidato kimoja hadi kingine hushtuka na kurukisha picha.

Anayechagua kidato ni simu yako. Unapobonyeza alama ya kucheza, simu hupakua kwanza faili dogo la maandishi lenye orodha ya vidato vyote na mahali vipande vilipo. Huomba kipande kimoja na kupima kimechukua muda gani. Kipande cha sekunde 6 kikifika kwa sekunde 2, simu hujua kuna nafasi, hupanda. Kikichukua sekunde 7, hushuka upesi kabla akiba yake ya vipande haijaisha. Ndiyo sababu video huanza na ukungu kisha ikang'aa: simu ilianzia chini kwa tahadhari, sasa inapanda. Na kile kiduara kinachozunguka maana yake ni kwamba akiba imekwisha na hata kidato cha chini kabisa hakifiki kwa wakati. Mzee wa Newala hakuwa na kidato cha kushukia. Sisi tulimpa ngazi yenye kidato kimoja, tena kile cha juu.

Hapa pana jambo la bando ambalo watu huniuliza kila siku. Kasi ya mtandao hupimwa kwa megabiti, bando hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Megabiti 1 kwa sekunde, ikienda saa nzima, inakula megabaiti 450. Kidato cha 4.5 basi kinakula zaidi ya gigabaiti 2 kwa saa, cha kilobiti 600 kinakula megabaiti 270, na cha 300 kinakula 135. Kwenye skrini ya simu ya kawaida, ukiishika mkononi, tofauti ya 480p, yenye nukta chache zaidi, na 1080p wengi hawaioni, lakini bando linaiona. Programu nyingi za video zina mahali pa kuweka ukomo wa ubora unapotumia data ya simu. Weka ukomo huo leo, halafu ukifika kwenye waifai achia.

Sasa suala la goli. Umekaa nyumbani unatazama mechi kwenye simu, mshambuliaji ndiyo kwanza anapokea mpira, na kibanda umiza cha jirani tayari kinapiga kelele. Kibanda wana king'amuzi cha setilaiti. Mawimbi yao yamepanda kilomita karibu 36,000 hadi angani na kushuka tena, na safari hiyo yote inachukua kama robo sekunde. Simu yako inapokea vipande vya sekunde 6, nayo hungoja kuweka akiba ya vipande vitatu hivi kabla ya kuanza kuonyesha. Hizo ni sekunde 18 tayari, hujaongeza muda wa kubana na kusafirisha. Ucheleweshaji wa sekunde 20 mpaka 30 kwa utaratibu huu ni wa kawaida, na kununua bando kubwa hakuuondoi. Vipande vinaweza kufupishwa hadi sekunde 2, goli likawahi, ila simu hubaki na akiba ndogo, mtandao ukiyumba kidogo tu picha inaganda. Kwa mpira naelewa mtu kutaka haraka. Kwa mahafali, ibada au mazishi yanayofuatwa na ndugu walio mbali, mimi nitachagua kuchelewa kuliko kukatika kila mara.

Vifaa navyo havifanani. Apple walitoa utaratibu wao wa vipande, HLS, mwaka 2009 pamoja na iPhone za wakati huo. Kiwango cha kimataifa cha DASH kilifuata mwaka 2012. Kwa miaka mingi mrushaji alilazimika kuhifadhi video ileile mara mbili, seti moja kwa kila utaratibu. Siku hizi upo muundo wa CMAF unaoruhusu vipande vilevile vitumike kwa taratibu zote mbili, ikabaki tofauti ya orodha tu. Kodeki ndiyo bado ina ugumu. H.264 ya mwaka 2003 inafunguliwa na karibu kila simu iliyo mikononi mwa watu. HEVC ya 2013 na AV1 ya 2018 zinabana vizuri zaidi, lakini simu isiyo na chipu ya kuzifungua hulazimika kutumia prosesa yake yote, yaani ubongo wake wa kazi za kawaida, ikapata moto na betri ikashuka mbio. Sisi vidato vya chini tumeviacha kwenye H.264 kwa makusudi, maana wenye simu za zamani ndio wanaovitumia.

Filamu za kulipia zina kufuli juu yake, kama Widevine ya Google au FairPlay ya Apple. Simu isiyokidhi kiwango cha juu cha kufuli hilo inaweza kunyimwa picha kali hata kama mtandao ni wa moto. Ukikutana na hali hiyo usihangaike kubadili kifurushi.

Halafu kuna njia vipande vinamopita. Mnara wa runinga ukirusha mara moja, nyumba kumi na nyumba laki moja hupokea mawimbi yaleyale. Mtandaoni kila mtazamaji huchukua nakala yake. Watazamaji 2,000 kwenye kidato cha megabiti 2.5 ni gigabiti 5 kwa sekunde zinazotoka, na seva moja ya chuo haiwezi. Dawa yake ni kusambaza vipande kwenye maghala ya akiba yaliyo karibu na watu. Google huweka mashine za namna hiyo ndani ya mitandao ya watoa huduma, na Netflix wana mpango wao uitwao Open Connect. Vituo vya kubadilishana mtandao, kama TIX cha Dar es Salaam na KIXP cha Nairobi, husaidia data ya humu ndani isizungukie Ulaya kwanza.

Thamani ya ukaribu huo ilionekana Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kipande kilichokuwa tayari kwenye ghala la ndani ya nchi hakikuhitaji kuvuka bahari. Kila ninapoona taasisi ya hapa nyumbani inahifadhi video za Kiswahili, za kutazamwa na watu wa hapa, kwenye seva iliyo ng'ambo pekee, huikumbuka siku ile.

Nyumbani nako, kabla ya kumlaumu mtoa huduma, hesabu skrini. Runinga sebuleni kwenye megabiti 4.5, watoto wawili na simu zao kwenye 2.5 kila mmoja, hiyo ni 9.5 tayari, na kifurushi cha megabiti 10 kimebanwa. Rauta iliyofichwa nyuma ya friji au ndani ya kabati inaweza kukupa pungufu ya ulicholipia. Itoe, iweke juu, mahali wazi.

Wanaorusha harusi, ibada na mikutano nawaomba jambo moja zaidi, na hili tulilijifunza kwa macho. Wapambaji wetu waliweka nyuma ya jukwaa pazia la vimetameta, linalomeremeta kila upepo wa feni ukipita. Ukumbini lilipendeza. Kwenye kidato cha kilobiti 300, kodeki ilimaliza biti zake zote kuandika vile vimetameta, na uso wa mhitimu ukabaki mabaka ya mraba. Mwaka uliofuata tuliweka kitambaa kitupu cha bluu, na uso wa mhitimu, kwa biti zilezile, ukasomeka mpaka tabasamu. Majina yaliyoandikwa chini ya picha tuliyakuza mara mbili, kwa sababu kwenye 240p herufi ndogo hugeuka kuwa madoa. Sauti tuliacha kuichukua kwenye mikrofoni ya kamera, tukaichukua moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi, ile mashine ya kuchanganya sauti. Na tulipima kasi ya kupandisha, ambayo wengi huisahau wakapima ya kushusha, kisha tukatuma kwa nusu yake tu ili pabaki nafasi mtandao ukiyumba, na laini ya pili ya kampuni nyingine ikikaa tayari.

Nilichopigania zaidi kwenye kikao ni kidato cha sauti tupu. Wenzangu waliona ni kurudi kwenye redio. Niliwaambia mtu huvumilia picha yenye ukungu, ila sauti ikikatika hana anachobaki nacho.

Mahafali yaliyofuata mzee wa Newala alipiga tena. Safari hii alikuwa na mtoto wa pili anayehitimu. Mtandao wa kwao haukuwa umebadilika, na picha, alisema, ilimjia mara mbili tatu kisha ikaondoka. Lakini sauti haikukatika tangu wimbo wa taifa. Sherehe nzima ya saa nne ilikula megabaiti kama 115 kwenye kidato kile.

"Mwanangu, nimelisikia jina lake lote," aliniambia, "na la babu yake wamelitaja."