Nyumba ya tani tano inapanda Lushoto: pangua gia mapema

Kuna mzee wangu mmoja wa Chumbageni, mstaafu, alinunua Mercedes 508D kutoka kwa mgeni aliyekuwa anazunguka Afrika nayo mpaka akachoka. Sio daladala wala gari ya mizigo, ni ile iliyogeuzwa nyumba, ndani kuna kitanda, jiko la gesi, sinki, kabati za mbao ngumu na tenki la maji la lita 200 chini ya kitanda. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini ile gari ilikuja ikagoma kuondoka, imekaa gereji kwangu Ngamiani miezi minne. Siku moja mzee kaja, nimempa shikamoo, marahaba yenyewe kaitikia nusu, kaniuliza, "Fundi mwanangu, nataka nimpeleke mama yako Lushoto apumzike na hili joto. Itapanda?"

Nikamwambia itapanda baba, hizi gari zimeanza kutengenezwa miaka ya 1960, zimepanda milima kabla mi sijazaliwa. Kasheshe ni namna utakavyoipandisha.

Maana madereva wengi niliokutana nao, na mi mwenyewe zamani, tunaamini injini ikipiga kelele ndio inaumia, kwahiyo mtu anang'ang'ania gia kubwa ili iwe kimya, mguu kaukandamiza mpaka chini, gari inatetemeka, inakoroma, yeye anaona anaitunza. Hapo ndipo anapoiua. Niliwahi kupanda na kilori cha mteja kutoka Mombo kwenda Soni, barabara hiyo hiyo ya Lushoto, nyuma kuna mbolea, niko namba tatu, utingo ananiambia usiweke namba mbili itakula mafuta. Kona mbili tatu mbele sauti ikawa nzito kama mtu anabeba gunia huku anaongea, kwenye kioo naona moshi mweusi, sijashtuka, nikashtuka ulipogeuka mvuke mweupe unaotoka mbele. Gasketi ya hedi imekatika, hedi yenyewe imepinda. Nililipa kwa kukatwa ujira miezi kadhaa na sikuwahi kumuuliza tena utingo habari za gia.

Sasa nieleze kwanini, maana ukishaelewa hutohitaji mtu akukumbushe.

Dizeli unayochoma, kwa hesabu ya kifundi, karibu theluthi moja ndio inasukuma gari, theluthi inatoka na moto kwenye ekzosi, na theluthi iliyobaki inabaki kwenye chuma, maji ya rejeta ndio yaitoe. Mlimani unachoma dizeli nyingi kwa kila dakika, kwahiyo na joto ni jingi. Nani anatoa hilo joto? Waterpampu na feni, na kwenye injini hizi za zamani vyote viwili vinazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Injini ikizunguka mara 1,200 kwa dakika feni inajivuta, ikizunguka 2,300 feni inakimbia karibu mara mbili na maji yanazunguka karibu mara mbili. Ukiwa gia kubwa mwendo umekufa unakuwa umeongeza moto umepunguza feni, na upepo wa mbele nao haupo kwasababu unatembea kama baiskeli. Halafu mafuta yanayomwagwa kwenye silinda ni mengi kuliko hewa iliyopo, ndio huo moshi mweusi, dizeli yako hiyo inapaa angani, na kila pistoni inagongwa kwa nguvu wakati inatembea polepole, konrodi na beringi zinabeba kipigo chote huku oili nayo presha yake imeshuka.

Kelele ya namba mbili haina hayo yote. Ni kelele tu.

Mzee akaniuliza kwahiyo spidi ngapi, nikamwambia ngoja tuijue gari kwanza. Tukaipeleka mizani ikiwa na tenki limejaa, mitungi, vyombo, mzee na mama, ikasoma tani tano na kidogo, mzee akashangaa kweli maana yeye alikuwa anasema tatu na nusu. Mbao ngumu hazina mchezo. Sasa fanya hesabu: injini yake ni OM314, silinda nne, lita 3.8, haina turubo, nguvu ya farasi 85 ikiwa nzima na ikizunguka 2,800. Zikifika kwenye tairi zimeshapungua, tuseme 68. Tani tano kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unazokwenda unapanda 8, na hizo nguvu zote, utatembea kama 40 kwa saa. Mwisho. Ukitaka 50 hakuna mahali zitatoka, hata ukanyage utoboe bodi. Na kadri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, injini isiyo na turubo inapoteza kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwahiyo kule juu hiyo 40 inakuwa 35 au 36.

Hii ndio kitu ya kwanza mwenye gari-nyumba anatakiwa akubali moyoni. Spidi ya mlima imeshapangwa na uzito. Kazi yako ni kuchagua gia ambayo kwa spidi hiyo injini inazunguka kwa raha.

Gari yenyewe haina geji ya mizunguko, kwahiyo tulichofanya tulichukua rangi ya kucha ya mama, nyekundu, tukaweka alama kwenye kioo cha spidomita. Tulitembea barabara ya Pongwe asubuhi mbili, mi nasikiliza, yeye anaendesha, kwa gia zake na saizi ya tairi zake tukapata namba tatu inapenda kati ya 25 na 38, namba mbili kati ya 14 na 22. Nukta moja pale inapoanza kulemewa, nukta moja pale inapoanza kulia. Mshale ukikaribia nukta ya chini unapangua, husubiri ifike. Gari yako itakuwa na namba zake, usikopi hizi.

Kitu kingine ni mguu. Nilimfundisha hivi: uko mlimani, gia imekaa, punguza mguu taratibu mpaka usikie spidi inataka kuanguka, hapo ongeza kidogo ukae. Utashangaa robo ya mwisho ya pedeli ilikuwa haifanyi kitu zaidi ya moshi na joto. Kama gari haiongezi mwendo ukiongeza mguu, basi huo mguu unapasha maji chai. Na ukiona umekanyaga wote bado spidi inashuka, hiyo ni gia sio mafuta.

Kabla ya safari tulikuwa na kazi ya rejeta. Fundi wa nyuma, sijui wa nchi gani, alikuwa ametoa themostati, ile valvu inayofungua njia ya maji kwenda rejeta yakishapata moto, jambo ambalo na hapa kwetu linapendwa sana, gari ikichemsha tu mtu anakwambia toa themostati maji yapite. Kwenye injini nyingi za namna hii themostati ikifunguka inaziba pia ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, ukiitoa njia inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka humo humo na moto wake. Nikarudisha. Kava la feni halikuwepo, tukakunja la bati pale pale mtaani, maana feni bila kava inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Na ndani ya rejeta kulikuwa na magamba meupe, nikamuuliza mzee unajaza maji gani, akasema ya kisimani. Baba, maji ya kisima cha pwani yana chumvi, hiyo ni chai ya kutu! Tukalisafisha, tukaweka kulanti, mfuniko mpya wenye presha maana presha ndio inazuia maji yasichemke kwenye 100, na juu kule Lushoto maji ya wazi yanachemka kwenye 95 tu. Mfuniko uliochoka unakuchemshia gari nzima.

Halafu nikamwambia mwaga lile tenki. Lita 200 ni kilo 200, unabeba maji ya Tanga kuyapeleka Usambara kwenye chemchemi? Akacheka, akamwaga, akabakiza madumu mawili ya kunywa na moja la rejeta.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, hiyo nayo ni mbinu, maana Mombo iko chini kama mita 400 na jua likisimama pale ni tanuri, ukianza mlima saa nane mchana rejeta yako inavuta hewa iliyokwishapashwa. Tumefika Mombo kama saa mbili, tukanywa chai, nikapima oili, nikashika mkanda wa feni kwa dole gumba, nikachungulia mipira ya maji. Kutoka hapo mpaka Lushoto ni kilomita kama 33 na unapanda kama mita 1,000. Ukigawa unaona asilimia 3 tu, watu wanadharau, lakini hupandi wastani, kuna mahali barabara imelala na kuna mahali imesimama, imejikunja, upande mmoja mwamba upande mwingine bonde.

Kwenye kona ya kwanza kali nikamwambia mzee sasa, mbili. Akasema bado inavuta. Nikamwambia ndio maana, weka wakati bado inavuta, ukingoja ndani ya kona spidi itakufa, gia itagoma, utasimama kwenye mwinuko na kosta iko nyuma yako. Sinkronaiza, zile zinazosaidia gia iingie laini, kwa gari ya umri huu zimechoka, kwahiyo klachi mara mbili: kanyaga, toa gia, achia klachi, gusa mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza. Mara ya kwanza ilikwaruza mpaka mama nyuma akauliza kuna nini, mara ya pili ikaingia kama kisu kwenye embe. Mshale wa joto ulipanda ukapita 85, ukaenda karibu na 95, ukakaa. Mzee macho yake yote kwenye geji. Nikamwambia angalia barabara, geji ntaangalia mi.

Ungepita mstari wa hatari kwenye geji tungefanya hivi, na wewe fanya hivi: kwanza punguza mguu, shuka gia nyingine, fungua hita ya ndani kama ipo mpaka mwisho, utaungua lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Haitoshi? Tafuta mahali pana, simama, weka kigingi tairi la nyuma, na usizime! Acha ilie juu kidogo ya sailensa, yaani ule mzunguko wa gari iliyosimama bila kukanyagwa mafuta, feni izunguke. Ukizima na moto wote ule maji yanasimama na hedi inaendelea kuiva. Izime tu kama maji yamemwagika, maana hapo hakuna cha kuzungusha. Na mfuniko usiuguse, kuna watu nawajua wana makovu.

Tulipisha watu pia. Kila penye upana tunaingia pembeni, noah na bodaboda zinapita, wengine wanapunga mkono. Ukiwa na nyumba mlimani usifanye ligi na mtu. Soni tulisimama dakika kumi, Lushoto tumefika baada ya saa moja na robo toka Mombo, nikamuacha mzee aiache ingurume dakika tatu ndio azime.

Dizeli je, si ndio hofu ya utingo? Kuinua tani tano mita 1,000 ni kama lita 4 zaidi ya ambayo ungetumia tambarare, utake usitake, kwa gia yoyote. Kung'ang'ania namba tatu hakukupunguzii, moshi tu unaongezeka.

Kushuka ni mada yake ila kwa ufupi: gia uliyopandia ndio ushukie, na fri ni marufuku. Watu wanaweka fri kuokoa mafuta, wakati pampu ya dizeli ya gari hizi ukiachia mguu huku gia imeingia inakata mafuta, ila ukiwa fri inabidi ichome ili isizime. Breki kanyaga kwa nguvu muda mfupi halafu achia zipoe, usizilalie. Na mshale wa spidi usipite ile nukta ya juu, maana kwenye mteremko tairi ndio zinazungusha injini na gavana, kile kifaa cha kupunguza mafuta mizunguko ikizidi, hakiwezi kuzizuia.

Siku ya kurudi nimemkuta mzee anapakia viazi, gunia mbili, kabichi juu, na plamu za mama kwenye sinki. Nikamwambia baba tulimwaga maji yote yale. Akanijibu, "Si tunashuka sasa, fundi?" Ikabidi nimwambie uzito wa kupanda unapika rejeta, wa kushuka unapika breki. Tumeshuka na gunia moja, la pili lilikuja na basi.